Hita inayozimikazimika ni kengele ya hatari katika nyumba kuukuu

KILA mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Nairobi na maeneo ya nyanda za juu kama vile Limuru, Kinangop na Nyahururu hulazimika kutafuta mbinu za kujikinga na baridi. Makoti hutolewa masandukuni, mablanketi huongezwa vitandani, nao wauzaji wa vifaa vya stima huanika hita kwenye milango ya maduka yao.

Katika miezi iyo hiyo, husikika pia habari za simanzi kuhusu watu waliolala na jiko la makaa chumbani wakakosa kuamka. Majirani huomboleza, wakuu wa utawala hutoa onyo, kisha jambo hilo husahaulika hadi msimu mwingine wa baridi uwadie.

Habari hizi mbili, ya hita dukani na ya jiko chumbani, aghalabu husimuliwa kana kwamba hazihusiani. Ukweli ni kuwa zina mafungamano. Zipo nyumba ambamo jiko huingizwa chumbani usiku ule ule ambao hita imekataa kufanya kazi. Na hita yaweza kukataa kufanya kazi ilhali haina ubovu wowote, kwa sababu kasoro imo katika nyumba yenyewe, na hakuna aliyewahi kuikagua.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga nyumba ya mawe katika mtaa mmoja wa zamani, mashariki mwa jiji. Mtoto wetu alikuwa mchanga, nami nikanunua hita ya wati 2,000 ili chumba chake kisiwe na baridi.

Hita hiyo ilikuwa ikiwaka vyema kwa muda wa nusu saa hivi, kisha inazima. Baada ya dakika kumi, inawaka yenyewe bila kuguswa. Nikairudisha dukani. Muuzaji akaiwasha mbele yangu kwa saa nzima, wala haikuzima hata mara moja. Nikarudi nyumbani kwa aibu, na usiku huo ikazima tena.

Fundi wa kwanza wa mtaani alibadilisha elementi, nikamlipa. Fundi wa pili alisema kasoro imo kwenye thamostati, akaibadilisha, naye nikamlipa. Hali haikubadilika. Usiku wa Julai ambapo mtoto alikuwa akikohoa, mke wangu aliniuliza iwapo tungeleta jiko chumbani. Nilisimama tayari kwenda kuliwasha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa amekuja kumjulia mtoto hali. Alinitazama nikihangaika na hita ile, kisha akaniambia: "Kijana, hebu ishike plagi yenyewe." Nikaigusa, nikautoa mkono upesi. Ilikuwa moto kama sufuria. "Hita yako haina ugonjwa," akasema mzee. "Mgonjwa ni ukuta."

Usiku huo tulizima stima ya soketi ile, tukamfunika mtoto mablanketi na kulala naye katikati yetu. Kulipokucha nilimwita fundi mwenye leseni. Alipoifungua soketi, tuliona ganda la waya limeungua likawa jeusi, na ndani zaidi kulikuwa na waya mbili zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe uliokwisha kukauka. Gharama ya kurekebisha yote hayo ilikuwa chini ya pesa nilizowalipa mafundi wawili wa awali.

Mzigo wa leo, waya za jana

Ili tuelewe chanzo cha masaibu haya, hatuna budi kurejelea historia kidogo. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mnamo 1922 kwa kuunganishwa kwa kampuni mbili, moja ya Mombasa na nyingine ya Nairobi. Ndiyo iliyokuja kuitwa Kenya Power and Lighting mnamo 1983. Kwa hivyo stima imekuwa katika majengo ya miji hiyo miwili kwa zaidi ya karne moja.

Mitaa ya Nairobi nayo ina umri tofauti. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Buru Buru ikaanza kujengwa miaka ya 1970, na kati ya hiyo na baada yake imechipuka mitaa mingine mingi. Waliojenga nyumba za enzi hizo walifikiria taa, redio, pasi na pengine jokofu. Hawakufikiria birika la stima, oveni ya maikrowevu, mashine ya kufua, hita ya chumba na ile ya bafuni, vyote katika nyumba moja na vyote vikiwashwa saa moja jioni.

Isitoshe, waya nazo huzeeka. Kabla ya plastiki kuenea, waya za nyumbani zilikuwa zikivishwa mpira. Mpira huo hukauka kadiri miaka inavyopita, ukawa mgumu, ukapasuka na kubanduka hata kwa kuguswa tu. Hata waya za plastiki hudhoofika zikipashwa joto kupita kiasi mara kwa mara.

Juu ya hayo, nyumba ya kupangisha hupitia mikono mingi. Mpangaji wa kwanza huongeza soketi moja sebuleni. Wa pili huvuta taa ya uani. Wa tatu huweka hita ya bafuni kwa kuunganisha na waya wa taa. Kila mmoja huhama na kuacha nyuma kiungo ambacho mpangaji anayemfuata hajui kuwa kipo.

Hesabu yake si ngumu. Stima ya majumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Hita ya wati 2,000 huvuta takriban ampea 8.3. Birika la wati 2,000 huvuta kiasi hicho hicho, na pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4.2. Vitatu hivyo vikiwashwa pamoja kwenye mkondo mmoja, jumla ni karibu ampea 21.

Iwapo mkondo huo ulitengenezewa fyuzi ya ampea 15, kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za zamani, basi mzigo umepita kiwango kwa zaidi ya thuluthi. Ajabu ni kuwa fyuzi ya waya ya kizamani huweza kuvumilia mzigo kama huo kwa muda mrefu bila kukatika. Wakati huo wote, waya zilizo ukutani na darini zinaendelea kupata joto kimyakimya.

Hita ya kuogea ndiyo nzito zaidi. Ile ya wati 5,500, ambayo hupasha maji papo hapo yanapotoka, huvuta ampea 23 peke yake. Chombo kama hicho hustahili kuwa na waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, na breka yake yenyewe. Kukiunganisha na waya mwembamba wa taa ni sawa na kumtwika mtoto gunia la mahindi.

Hatua za kutafuta kasoro

Je, mwenye nyumba au mpangaji afanye nini hita inapoanza kuzimikazimika? Jambo la kwanza ni kujua iwapo kweli kuna kasoro. Hita nyingi zina thamostati, kifaa kinachokata stima chumba kinapofikia joto lililowekwa na kuirudisha baridi inaporejea. Iwapo chumba kina joto na husikika mlio mdogo wa kubofya kabla ya hita kuzima, hapo hakuna ubovu. Hita inatimiza wajibu wake.

Pili, chunguza mahali ilipowekwa. Hita pia huwa na kinga ya kuizuia isipate joto kupita kiasi. Ikisukumwa karibu mno na pazia, ikianikwa nguo juu yake, au ikijaa vumbi kwenye matundu ya kupitishia hewa, kinga hiyo hukata stima. Baadhi ya hita zina swichi chini ya kitako inayoizima zikiinama. Zulia nene au sakafu isiyo sawa hutosha kuidanganya swichi hiyo.

Tatu, tenganisha hita na nyumba. Ipeleke kwenye soketi nyingine iliyo katika mkondo tofauti, au katika nyumba ya jirani ambayo waya zake ni nzuri, na uiache iwake kwa saa nzima huku ukiitazama. Ikizima huko pia, lawama ni ya hita. Isipozima, tatizo limo nyumbani kwako. Hatua hii rahisi ndiyo niliyoipuuza mimi, ilhali yule muuzaji alikuwa amekwisha kunionyesha jibu.

Nne, itazame plagi. Baada ya hita kuwaka kwa dakika kumi au kumi na tano, zima swichi ya soketi kisha uiguse plagi upande wa nyuma. Uvuguvugu mdogo si jambo la kuogofya. Lakini ikiwa ni moto kiasi kwamba huwezi kuishikilia, au ikiwa plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, au pana harufu ya kuungua, usiwashe tena chochote kwenye soketi hiyo.

Sababu ya joto hilo ni kiungo kilicholegea. Mahali ambapo chuma cha plagi hakikushikwa sawasawa na soketi, au msumari wa kubana waya umelegea, pana ukinzani. Ukinzani wa nusu omu tu, ukipitiwa na ampea 8.3, hutoa joto la takriban wati 34. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu cha fundi wa redio, likiwa limefungiwa ndani ya kijisanduku cha plastiki ukutani.

Hapo ndipo siri ya kuzima na kuwaka ilipo. Chuma kikipata joto hutanuka, na kiungo kilicholegea kikaachana. Stima hukatika, hita ikapoa. Chuma kikipoa nacho hurudi mahali pake, stima ikapita tena. Kila mzunguko huacha kiungo kikiwa kibaya zaidi kuliko kilivyokuwa. Siku moja hakitaachana kwa utulivu, kitatoa cheche.

Tano, ondoa ekstensheni. Waya mwembamba wenye matundu manne au matano, unaouzwa kwa bei nafuu kando ya barabara, haufai kubeba hita. Ukiwa umekunjwa au kufichwa chini ya zulia, joto lake halina pa kutokea. Hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Sita, tazama tabia ya breka. Ikiwa hukatika dakika kadhaa baada ya hita na birika kuwashwa pamoja, tatizo ni mzigo mkubwa, punguza vyombo. Ikikatika papo hapo hita inapochomekwa, kuna shoti. Na ikiwa kifaa cha kugundua stima inayovuja ndicho kinachokatika, huenda unyevu umeingia kwenye elementi au waya fulani unagusa chuma. Usilazimishe kuirudisha swichi mara tatu au nne ukitumaini itakubali.

Saba, sikiliza nyumba nzima. Iwapo taa hufifia kila hita inapowashwa, au mbaya zaidi, baadhi ya taa huongezeka mwangaza huku nyingine zikififia, zima swichi kuu mara moja na uombe usaidizi. Dalili hiyo ya pili yaweza kumaanisha kuwa waya wa nyutro umelegea au kukatika, hali inayoweza kuharibu vyombo vyote na kuhatarisha maisha.

Hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba au mpangaji inapofikia kikomo. Kufungua soketi, kuchokora sanduku la fyuzi au kupanda darini kutafuta viungo si kazi ya kujaribu. Hata rangi za waya zaweza kumpotosha asiyejua. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi, ilhali katika nyumba mpya ule wa moto ni wa kahawia na wa nyutro ni wa buluu. Nyumba iliyorekebishwa kwa vipandevipande huweza kuwa na rangi zote hizo kwa pamoja.

Stima ikiwa hafifu

Kuna lalama nyingine ambayo haihusiani na soketi wala hita. Watu husema hita yao huwaka vyema adhuhuri lakini jioni huwa vuguvugu tu. Wengi hudhani wameuziwa bidhaa ghushi.

Bidhaa ghushi zipo, na ndiyo sababu Bunge lilipitisha sheria ya kukabiliana nazo mnamo 2008. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu muuzaji, ni vyema kujua kuwa nguvu ya hita hutegemea volti zinazoifikia, tena hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Mtaa mzima unapopika na kuoga kwa wakati mmoja, volti zikashuka kutoka 240 hadi 200, hita ya wati 2,000 hubakia na takriban wati 1,390. Karibu thuluthi ya joto imepotea, ilhali kilichopungua katika volti ni sehemu moja tu kati ya sita.

Mwenye tatizo hilo asibadilishe elementi. Amwite fundi apime volti mchana na jioni. Zikiwa zinashuka kwenye mita yenyewe, hilo ni jukumu la kampuni ya kusambaza umeme, naye ana haki ya kuwasilisha malalamishi. Zikiwa sawa kwenye mita lakini zinapotea kabla ya kufika chumbani, basi waya za nyumba ni nyembamba au zina viungo vibovu, na pale zinapopotea ndipo joto linapojikusanya.

Msumari mahali pa fyuzi

La kuhofisha zaidi ni dawa ambazo baadhi yetu hutumia. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, huwekwa waya mnene, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au hata msumari. Hita hukoma kuzima, na familia ikafurahi kuwa imepata ufumbuzi.

Waama, hawajapata ufumbuzi wowote. Wamemfunga mdomo mlinzi. Fyuzi huwekwa ili iwe dhaifu kuliko waya, iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Msumari hauungui. Kitakachoungua ni waya, kisha mbao za darini, kisha paa. Mkasa kama huo ukitokea, husemwa kwamba moto ulisababishwa na hitilafu ya stima, na mjadala huishia hapo.

Nalo jiko, ambalo wengi hulikimbilia hita inapowakatiza tamaa, lina hatari isiyoonekana. Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na mwili ukakosa hewa inayohitajika.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Lakini aliyelala hahisi dalili. Tena jiko haliwi salama kwa kuwa limeacha kutoa moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa sumu hiyo kwa wingi bila kumshtua mtu. Jiko lisilale chumbani hata kidogo. Blanketi la ziada ni duni machoni, lakini halijamuua mtu usingizini kwa sumu.

Nani awajibike?

Mtu anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya nyumbani, na kila mtu ajichunge. Hoja hiyo haina mashiko. Mpangaji hana mamlaka juu ya waya zilizo ndani ya ukuta usio wake. Hawezi kuuvunja, na pengine hata kubadilisha soketi moja kutahitaji idhini ya mwenye nyumba.

Sheria zetu hazijakosa kuligusa suala hili. Sheria ya Kawi ya 2019 ilibuni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo hutoa leseni kwa mafundi wa stima. Nyumba inapounganishiwa stima kwa mara ya kwanza, huhitajika cheti cha fundi mwenye leseni kuthibitisha kuwa waya zimewekwa ipasavyo. Nayo Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za kuzima moto.

Pengo liko baada ya hapo. Cheti hutolewa siku ya kwanza, stima ikawashwa, na katika nyumba nyingi za kupangisha hakuna anayerudi kukagua miaka 20 au 40 baadaye. Gari la abiria hukaguliwa kwa sababu hubeba watu. Nyumba ya kupangisha pia hubeba watu, tena wakiwa wamelala.

Kwa zaidi ya nusu karne tulitegemea Kanuni za Ujenzi za 1968, hadi zilipoandaliwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini kanuni za ujenzi hulenga hasa majengo yanayojengwa. Mkazi wa nyumba iliyojengwa babu yake akiwa kijana hanufaiki sana kwa kuambiwa jinsi nyumba mpya zitakavyokuwa.

Uingereza, ambako tulirithi mtindo wetu wa plagi na nyingi ya taratibu zetu za stima, iliwahi kuwa na pengo kama hili. Kanuni zilizoanza kutekelezwa katika eneo la England mnamo 2020 ziliwalazimu wenye nyumba za kupangisha kuzifanyia ukaguzi wa stima angalau mara moja kila miaka mitano, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Si lazima tuige kila kitu, ila wazo hilo linafaa kuzingatiwa.

Wenye nyumba watateta kuwa gharama hiyo itaongezwa kwenye kodi, na makabwela ndio watakaoumia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kubadilisha waya za nyumba nzima ni ghali. Hata hivyo, ukaguzi si sawa na kubadilisha kila kitu. Fundi aliyehitimu anaweza kupima nyumba ya vyumba viwili kwa muda mfupi na kusema ni wapi pana hatari. Kukaza viungo, kubadilisha soketi zilizoungua, kuondoa misumari kwenye fyuzi na kuweka kifaa cha kugundua stima inayovuja ni kazi inayoweza kufanywa kwa awamu.

Kaunti zaweza kuanza na mitaa iliyo chini ya umiliki wao. Serikali ikiwa ndiyo mwenye nyumba, haifai kumdai mwenye nyumba binafsi kile ambacho yenyewe haijatekeleza. Ukaguzi katika mitaa hiyo ya zamani ungeonyesha pia gharama halisi, ili mjadala kuhusu kodi uendeshwe kwa hesabu badala ya hofu.

Wapangaji nao wasijitie pembeni. Wapo wanaojiunganishia stima kinyume cha sheria, na wapo wanaokataa kumlipa fundi mwenye leseni kwa kuwa wa kando ya barabara ni nafuu. Rahisi huwa ghali. Mwite fundi, mwombe akuonyeshe leseni yake, na umwambie mwenye nyumba kwa maandishi kile alichokiona. Ujumbe wa simu unaohifadhiwa ni bora kuliko manung'uniko ya mlangoni.

Tusisahau pia kwamba familia nyingi nchini hazina hita kabisa. Hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa tatu hutumia uniti sita, na si kila mwenye tokeni za siku moja anayeweza kuzimudu. Kwa hao, kuziba nyufa za milango na madirisha usiku, huku jiko likiwa nje, kutaleta nafuu kuliko chombo chochote cha dukani. Lakini aliyejinyima akanunua hita ili asiwalaze watoto wake na jiko, amekwisha kutimiza wajibu wake. Ni haki yake kuipata nyumba inayoweza kuibeba hita hiyo.

Msiba unapotokea, huwa twajifariji kwa kusema ajali haina kinga. Kwa mikasa mingine methali hiyo ni ya kweli. Kwa huu wa stima, ajali hubisha hodi mapema. Hujitangaza kwa taa inayofifia, kwa soketi yenye alama ya kahawia, kwa plagi iliyo moto, na kwa hita inayozima kila baada ya nusu saa.

Soketi ile ya kwetu ilibadilishwa, na hita ikaendelea kufanya kazi kwa misimu kadhaa bila kuzima. Tulipohama, niliwaonyesha waliotupokea nyumba ni wapi waya zilikuwa zimeungua, kwa sababu hakuna karatasi yoyote iliyokuwa ikiyaeleza hayo. Msimu wa baridi ujao usitukute tukiwa bado tunaachiana jambo zito kama hilo kwa mdomo tu. Ashike plagi yake leo kila aliye na hita, na akiikuta moto, asilale kabla ya kuichomoa.